Kichupa Kisichokuwa na Protini

Wanafunzi wananiita Mama Kontroli, na wanadhani sijui. Najua. Nimefanya kazi katika maabara hii miaka ishirini na saba, na miaka yote hiyo kila mwanafunzi anayeniletea matokeo namuuliza swali lile lile kabla sijaitikia hata salamu yake: "Kontroli iko wapi?" Yaani lile jaribio la kulinganishia, ambalo unaondoa kitu kimoja tu ili uone kama kweli ndicho kinachofanya kazi. Asiyekuwa nalo namrudisha alikotoka. Wengine wameondoka machozi yakiwalengalenga, na sikuwafuata na leso.

Kwa hiyo haya ninayoyasimulia ni aibu yangu mwenyewe, na nayasimulia nikiwa na akili zangu timamu.

Yalianza siku Profesa aliponiita ofisini akanikabidhi daftari la mkwe wangu. Alikuwa bado hajaolewa, lakini nilishazoea kumwita mkwe. Mwanangu ni fundi wa majokofu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwita aje kutengeneza jokofu letu kubwa, lile la baridi kali. Akaja na sanduku lake la vifaa, akatumia saa tatu kwa kazi ya nusu saa, akaondoka na namba ya simu ya mwanafunzi wa Profesa. Binti mwenyewe ni mwembamba, mtulivu, anazungumza kama mtu aliye jirani na mtoto aliyelala. Tangu siku ya kwanza aliniita mama. Harusi ilisubiri amalize shahada yake ya uzamivu.

"Hii kazi yake nataka uirudie kwa mikono yako," Profesa aliniambia. "Ukipata alichopata yeye, makala inaondoka mwisho wa mwezi na yeye anapangiwa tarehe ya kutetea tasnifu. Usipopata, hana kitu. Miaka mitatu imekwenda na maji."

"Profesa, huyu ni mkwe wangu."

"Ndiyo maana nakupa wewe. Hakuna atakayesema umempendelea. Mama, hapa kila mtu anakujua."

Nililichukua lile neno kuwa sifa. Nikatoka kifua mbele.

Kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Binti alikuwa anadai kwamba protini fulani inashika kipande fulani cha DNA. Ili kuthibitisha, unachukua kipande hicho kikiwa kimetiwa rangi inayong'aa, unakichanganya na ile protini kwenye kichupa kidogo, ndani ya maji yenye chumvi zilizopimwa ambayo sisi tunayaita bafa. Kisha unadondosha mchanganyiko kwenye jeli nyembamba iliyobanwa kati ya vioo viwili, unapitisha umeme. DNA iliyo peke yake ni nyepesi, inakimbia mpaka chini. Iliyoshikwa na protini imebeba mzigo, inachelewa, inabaki juu. Ukipiga picha unaona mstari wa chini na mstari wa juu. Mstari wa juu ndio habari yote. Ukiwepo, protini imeshika. Usipokuwepo, umepoteza siku.

Katika daftari la mkwe wangu mstari wa juu ulikuwepo kila picha aliyobandika, mnene, umenyooka. Na kontroli zote zilikuwepo, maana nilimfundisha mimi. Akiondoa protini, hakuna mstari. Akiweka DNA nyingine, hakuna mstari. Nililifunga daftari nikasema hii ni kazi ya siku mbili.

Siku ya kwanza nilipata mstari wa chini tu. Nikasema labda protini imechoka. Nikatoa nyingine kwenye jokofu, nikarudia. Mstari wa chini tu. Mara ya tatu nilitengeneza bafa mpya, nikapima chumvi mara mbili mbili, nikaosha vioo mpaka vikalia chini ya kidole. Nikapiga picha. Juu kulikuwa kweupe.

Mimi jeli yangu haivuji. Mkono wangu hautetemeki. Nimerudia kazi za watu waliokwenda kuwa maprofesa, na zote zilirudika. Ndipo machale yakanicheza.

Jumapili alikuja nyumbani na mwanangu kwa chakula cha mchana. Nilingoja mpaka amepakua, nikamuuliza, "Hebu niambie, ile kazi yako unaifanyaje hasa?"

Akakitazama chakula. "Kama ilivyoandikwa, mama."

"Kama ilivyoandikwa tu? Hakuna kingine?"

"Kama ilivyoandikwa."

Kijiko chake kiligonga sahani. Mwanangu akaanza ghafla kusifia mchuzi, na mchuzi siku hiyo ulikuwa umeungua kidogo. Nikajisemea moyoni: huyu anaficha kitu, na huyu mwingine anamsaidia kukificha.

Kuanzia hapo sikuwa na raha. Nilimwangalia alivyoshika pipeti, kile kibomba cha kuvutia maji, alivyovaa glavu, alivyogeuza bega mtu akipita nyuma yake. Kila kitu alichofanya kilikuwa na maana mbaya. Akicheka na wenzake, anajifanya hana neno. Akinyamaza, dhamiri inamsuta. Nikagundua pia kwamba anafika maabara kabla ya watu wote. Mwanafunzi anayewahi kazini nilikuwa namsifu. Sasa nikajiuliza anawahi nini.

Siku ya Alhamisi niliwahi kuliko yeye. Nikavaa koti la sufu, nikaingia chumba cha baridi, nikazima taa, nikasimama nyuma ya kidirisha cha mlango. Mwanamke wa umri wangu, nimekumbatia mikono katikati ya masanduku ya dawa, pua inachuruzika, namvizia mchumba wa mwanangu. Nikikumbuka naona haya, lakini siku ile nilijiona shujaa.

Akaingia. Akaweka mkoba, akavaa glavu, akatazama mlangoni. Kisha akainama chini ya sinki, akapenyeza mkono nyuma ya boksi la glavu, akatoa chupa. Chupa ya zamani ya kioo cha kahawia, yenye kizibo. Akavuta maji kidogo kwa pipeti, akayatia kwenye vichupa vyake, akairudisha chupa pale pale, akailaza ubavu, akasogeza boksi kuifunika.

Damu ilinichemka mpaka nikasahau baridi.

Alipokwenda darasani saa nne, nikaitoa ile chupa. Haikuwa na jina wala tarehe. Nikachukua protini ile ile iliyonikatalia mara tatu, DNA ile ile, ila badala ya bafa yangu nikatia maji ya chupa yake. Nikapitisha umeme, nikapiga picha. Mstari wa juu ukatokea, mnene kama ule wa daftarini.

Nilifurahi. Sitadanganya, nilifurahi kuliko siku niliyopandishwa cheo. Nilishajua maana yake: ndani ya chupa ile kuna protini nyingine, kitu chochote kinachonata, anachodondosha kwa siri ili DNA ichelewe. Kwenye vichupa vya kontroli hadondoshi. Ndiyo maana anafika peke yake. Ndiyo maana sahani ililia. Kila kitu kilikaa mahali pake, na mimi sikutaka kukisogeza tena.

Jumatatu tuna kikao cha maabara, Profesa na wanafunzi wote. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikaweka picha zangu mezani, tatu tupu na moja yenye mstari. Kisha nikaweka chupa katikati ya meza.

"Hii nimeitoa chini ya sinki, nyuma ya boksi la glavu," nikasema. "Bila hii, mstari hakuna. Muulizeni mwenyewe ametia nini humu."

Wote wakamgeukia. Rangi ilimtoka usoni. Alifungua mdomo, akanitazama mimi, si Profesa, akaufunga. Profesa alimuuliza mara mbili kama chupa ni yake. Akasema ndiyo. Alimuuliza imo nini. Akasema, "Bafa." Mtu mmoja kule nyuma akaguna. Profesa akanyoosha mkono, akamwambia aache ufunguo wa maabara mpaka jambo lichunguzwe. Ufunguo alikuwa ameufunga pamoja na wa nyumbani kwao, na kucha zake fupi zikashindwa kuifungua ile pete ya funguo. Tulikaa tukimsubiri autoe. Hakuna aliyemsaidia, hata mimi niliyekaa karibu naye kuliko wote.

Jioni mwanangu alikuja. Hakuketi.

"Mama, ulimuuliza?"

"Nimuulize nini? Nimemwona kwa macho yangu."

"Umemwona anafanya nini?"

"Baba, usinihoji kama polisi. Nimemlinda nani miaka ishirini na saba hata nimlinde yeye? Angekuwa mtoto wangu wa kumzaa ningesema vile vile."

"Angekuwa mtoto wako wa kumzaa ungemwita pembeni," akasema. Akaondoka. Nilikuwa nimempikia.

Siku nne hakupiga simu. Ya tano akapita maabara, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara mbili. "Nimetumwa," akasema, akaiweka juu ya meza yangu kama anavyoweka risiti kwa mteja msumbufu, akatoka. Ulikuwa mwandiko wa mkwe wangu. Hakuandika salamu. Aliandika hivi: *Naomba ufanye kichupa kimoja. Bafa ya chupa yangu, DNA, bila protini.*

Nilisoma mara moja tu. Nikavuta kiti, nikaketi.

Kama ndani ya chupa kuna protini ya kudanganyia, basi maji yale yakikutana na DNA peke yake, mstari lazima utokee. Ni kontroli ya mtoto wa mwaka wa kwanza. Kazi ya dakika mbili kuongeza kichupa kimoja kwenye jeli ile ile, na mimi sikuiongeza. Angekuwa mwanafunzi ameniletea picha ile pasipo kichupa hicho, ningemfukuza kabla hajamaliza kusema shikamoo. Sikukiweka kwa sababu nilishapata nilichokuwa nakitaka.

Nikakifanya. Nikafanya vitatu, ili nisije nikajidanganya tena. Bafa ya chupa yake, DNA, bila protini. Nilipopiga picha DNA yote ilikuwa chini. Juu hakukuwa na kitu.

Nilikuwa peke yangu kwenye chumba cha picha. Hakuna aliyejua kwamba nimepima. Na nitalisema hili pia, kwa kuwa nimeamua kusema: nilikaa pale nikafikiria kuifuta ile picha. Nikafikiria nitakavyosimama mbele ya watoto wale, Mama Kontroli, miaka ishirini na saba. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Sikukiondoa kwa wema. Nilikiondoa kwa sababu niliona tena zile kucha zake fupi zikihangaika na ufunguo, na moyo ukanichoma.

Sasa likabaki swali jingine. Kama si protini, chupa ile ilikuwa na nini? Maana mstari ulikuwa wa kweli, na kwa bafa yangu haukutokea.

Nikaichukua chupa nikaikagua kama ilivyopasa kukaguliwa siku ile ya kwanza. Kizibo chake kilikuwa cha mpira, wa kijivu, mzee, umeanza kumomonyoka upande wa ndani. Chupa za namna hiyo niliziondoa mimi mwenyewe miaka miwili nyuma, tulipoletewa za plastiki. Nilitangaza kwamba nitakayemkuta na chupa ya zamani atatoka nayo mlangoni. Hii moja ilisalimika chini ya sinki. Na kwa kuwa ilikuwa inalazwa ubavu, bafa ilishinda na kulala ikiulamba ule mpira.

Mpira wa vizibo hutengenezwa kwa kuchanganywa na madini ya zinki. Na protini ya mkwe wangu, kama alivyoandika yeye mwenyewe ukurasa wa kwanza wa daftari, hushika DNA kwa mikunjo midogo inayofanana na vidole, ambayo haisimami bila chembe ya zinki ndani yake. Sisi tunapoisafisha protini tunatumia dawa inayonyonya madini. Tulikuwa tunaivua zinki yake, kisha tunashangaa haishiki. Bafa yangu mimi, safi, ya kwenye chupa mpya, haikuwa na cha kuirudishia.

Nikachukua ile bafa yangu safi, nikaidondoshea chumvi ya zinki kidogo sana, kiasi cha kuogopa kupiga chafya karibu yake. Nikarudia jaribio lote, kontroli zote, hata nisizoulizwa. Mstari wa juu ukatokea mahali pake.

Profesa alizitazama picha moja moja. Nilidhani atanifariji. Akasema, "Jumatatu utasimama pale pale uliposimama."

Nikasimama. Binti aliitwa, akakaa karibu na mlango, mkoba mapajani kama mgeni. Nikaeleza kila kitu, kichupa kwa kichupa. Nikasema, "Nilimtuhumu bila kontroli. Kosa ni langu, si la mtu mwingine." Nikalirudia neno zima ili asije mtu akasema hakusikia. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Profesa akamuuliza binti kwa nini alificha chupa.

"Chupa mpya ziliisha siku moja, nikaikuta ile," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Ikafanya kazi. Nilipohamia chupa mpya ikakataa. Nikajua kuna kitu kwenye chupa, lakini sijui ni kitu gani. Nilikuwa nawahi asubuhi ili nitafute. Nilitaka nikipata sababu ndipo niseme, kwa sababu chupa zile zilikatazwa."

"Si ungesema!" Neno lilinitoka lenyewe. "Nilikuuliza mezani kwangu!"

Akanigeukia. "Uliniuliza kama mtu mwenye jibu tayari, mama. Niliogopa."

Nikakusanya picha zangu mezani, nikakaa chini.

Mengine yalikwenda vizuri kuliko nilivyostahili. Makala ilitoka, na habari ya zinki ndiyo iliyoifanya isomwe na watu. Akatetea, akapita. Wakaoana, na mimi nilikaa mbele, nikapigwa picha nao. Nilimwomba radhi nyumbani pia, tukiwa wawili jikoni. Akanishika mkono, akasema, "Yameisha, mama, nimekusamehe." Naamini alisema kweli. Ananiletea dawa nikiugua, na mwanangu amerudi kula kwangu kila Jumapili.

Profesa amempa kazi hapa hapa. Meza yake iko hatua tatu kutoka kwangu. Bafa za maabara nzima natengeneza mimi pamoja na fundi msaidizi, kijana aliyeajiriwa mwaka huu, ambaye bado anachanganya gramu na miligramu. Natengeneza, naandika jina langu na tarehe, nampelekea mkwe wangu. Anapokea kwa mikono miwili, anasema asante mama.

Wiki iliyopita aliniomba nimtafutie picha fulani kwenye daftari lake. Nikawa nafunua kurasa. Nikaona kwamba katika kila jeli anayotumia bafa yangu kuna kichupa kimoja cha ziada, mwishoni kabisa. Ameandika chini yake kwa herufi ndogo: *Bafa ya mama, bila protini. Safi.* Nikafunua tena. *Bafa ya mama, bila protini. Safi.* Kurasa arobaini na kitu, hakuruka hata moja. Zile zilizotengenezwa na kijana amezitumia hivyo hivyo, bila kuzipima.

Nikaipata picha aliyoitaka, nikampelekea. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba kontroli inawekwa pale unapokuwa na shaka.